Safari ya Brighton: saa imebadilika

Habari za jioni ndugu zangu. Safari ya Jumamosi tarehe 20 Juni ipo palepale, ila tunakutana stesheni ya Victoria saa 2:30 asubuhi, si saa 3:30. Tafadhali, treni haina “niko njiani”.

1. Mchango ni pauni 18 (tiketi na chai). Mpeni mhazini, mwisho Jumatano usiku.

2. Tunaanzia makaburi ya kanisa la St Nicholas, alikozikwa Martha Gunn mwaka 1815. Kazi ya mama huyu ilikuwa kuwaogesha wageni wa kike baharini. Kibanda cha magurudumu kinavutwa na farasi hadi majini, unashuka ngazi, anakushika mabega, chubwi! Mtindo huo ulishika kasi baada ya Dk. Richard Russell kuandika mwaka 1750 kuwa maji ya bahari ni dawa, hata ya kunywa. Sisi chai inatutosha.

3. Ufukwe ni kokoto tupu, msidhani Bamburi. Njooni na viatu vya kuingilia majini.

4. Wa sambusa mnajijua.

Nani anakuja? Andika jina na idadi ya watoto hapa kabla ya kesho saa 4 usiku, nikate tiketi.