Shukrani kwa dada wa dera la njano, Magogoni, Dar es Salaam

Dada yangu, jina lako sikuliuliza, na kwa msongamano ule wa watu wanaogombea pantoni ya Kigamboni hata sura yako sikuishika vizuri. Nakumbuka dera la njano na ndoo ya samaki wa Feri.

Mwanangu ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo. Ukimtazama huoni kitu. Ni mtoto wa darasa la tatu mwenye afya yake. Kwa hiyo honi ilipolia akajitupa chini, kaziba masikio, anapiga mayowe, watu waliona mtoto mkubwa aliyedekezwa. "Mchape huyo!" "Kina mama wa siku hizi!" Mzee mmoja akaanza kukemea mapepo, tena kwa sauti kuishinda honi yenyewe.

Wewe hukuuliza ana nini. Ulisema tu, "Jamani, mpisheni apate hewa," ukatua ndoo iwe mpaka, ukatanua khanga yako kumkinga na jua na macho ya watu. Na hukumgusa! Sijui nani alikufundisha. Sauti kali humchoma mwanangu kama sindano, na akishikwa na mtu asiyemjua wakati ule ndiyo anazidi. Wenye huruma wengi hukimbilia kumbeba.

Pantoni ikaondoka, ukabaki nasi kungoja nyingine, samaki wako wakipigwa na jua.

Asante sana, dada. Anayemfahamu amfikishie salamu hizi, na amwambie nadaiwa hela ya barafu.