Usituletee kijiti, tuletee karatasi

Kila Desemba, watu wanapojiandaa kwenda kwao kwa sikukuu, dukani kwetu huingia mtu na kijiti mkononi, au uzi uliopigwa fundo. "Huu ndio mguu wa mama, nipatie kiatu." Tunampatia. Januari kiatu kinarudi: kimembana.

Kijiti chenyewe hakidanganyi. Tatizo ni kwamba hukatwa sawasawa na wayo, na kiatu hakitakiwi kulingana na wayo. Ukitembea mguu husogea mbele, kwa hiyo kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paachwe kama sentimita 1. Tena kijiti hakisemi chochote kuhusu upana, na mama aliyeshinda pekupeku shambani miaka yote hiyo mguu wake umetanuka mbele. Mtie kiatu chembamba, yaanze malengelenge, zifuate sugu.

Afadhali karatasi. Mama asimame juu yake, asikae, maana uzito wa mwili hutandaza mguu. Achorwe kwa kalamu iliyosimama wima, miguu yote miwili, jioni. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kiatu kilichotosha saa mbili asubuhi huweza kubana saa kumi na moja. Na miguu ya mtu mmoja mara nyingi hailingani. Sisi hufuata mkubwa, mdogo tunautilia soli ya ndani. Ukituma picha kwa WhatsApp, weka rula pembeni.

Namba? Chukua urefu wa wayo, tuseme sentimita 25, ongeza 1.5, zidisha kwa 1.5: unapata karibu 40 ya Ulaya. Ni makadirio tu, viwanda havifanani, na kwenye mtumba namba mara nyingi imeshafutika.

Halafu kuna ile kauli yetu wauzaji, "kitatanuka tu." Ngozi halisi hutanuka kidogo ubavuni. Hairefuki. Fundi wetu anaweza kulegeza panapobana, lakini kiatu kifupi hata yeye hakiwezi.

Kama mama ana kisukari, tuambie kabla hatujachagua chochote. Kisukari cha muda mrefu huweza kuua hisia za miguu, mtu akatembea na kokoto ndani ya kiatu kutwa nzima asijue, hadi kidonda. Huyo tunamtafutia kiatu kilichofunikwa vidole, kisicho na mshono mnene ndani, chenye mkanda wa kulegeza mguu ukivimba. Kabla ya kuvaa akikung'ute na kupapasa ndani kwa mkono. Jioni atazame nyayo na katikati ya vidole, au mjukuu amtazamie. Sugu asikate kwa wembe. Akiona kidonda, hata kidogo, aende zahanati siku hiyohiyo. Hapo sisi hatuna dawa.

Kisipomtosha tunabadilisha, mradi kilijaribiwa ndani, juu ya mkeka. Chenye vumbi kwenye soli hatupokei, hata kama aliyekivaa ni mama mkwe.