Bibi amembatiza mwanangu kwa kifuniko cha chupa, baba yake hajui

Ndugu wasomaji, walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, maana jambo langu likisimuliwa kwa sentensi moja linaonekana dogo, na mimi limeninyima usingizi kuliko huyu mtoto mwenyewe wa miezi mitatu.

Naitwa Mariamu. Jina sikulificha kwa sababu ukiita Mariamu pale sokoni Mtwara wanageuka wanawake kumi. Nina miaka 29, ni fundi cherehani, naishi na mume wangu Mikindani. Nilizaliwa Ndanda, Mmakua, Mkatoliki, nikabatizwa Maria. Wanaoijua Ndanda wanaelewa maana ya kuzaliwa pale. Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni yao mwaka 1906, na sisi watoto tuliokulia jirani na abasia, monasteri yao, tulidhani dunia nzima huamshwa na kengele. Marehemu baba yangu alikuwa katekista. Mama mpaka leo, jumuiya ndogo ndogo isiposali kwake, inasali kwa jirani yake, na yeye ndiye anayeanzisha wimbo.

Mume wangu ni Mwislamu wa hapahapa Mikindani, anafanya kazi bandarini. Tulipotaka kuoana hakunilazimisha kitu. Aliniambia kwa dini yake anaruhusiwa kuoa Mkristo, na kwamba hata serikalini, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaturuhusu kwenda bomani kila mtu na dini yake. Mimi ndiye niliyesema nitasilimu. Nilikuwa nimeanza kuipenda swala kabla sijampenda yeye vizuri, lakini hilo ni la siku nyingine. Maria nikawa Mariamu, na kwetu hakuna aliyehitaji kujifunza jina jipya.

Mama alilia siku mbili, ya tatu akanitumia kitenge. Kwetu kusini mnatufahamu, ukoo mmoja unakuta Ramadhani na Roberti wamenyonya titi moja. Njomba wangu, yaani mjomba, ni Mwislamu, na Krismasi ndiye anayetuchinjia kuku ili wote tule. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza kuvuka, wala sikutengwa. Nawaambia haya ili msije mkadhani mama yangu ni mtu wa vita. Si mtu wa vita hata kidogo, na ndiyo maana nimekwama.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka na miezi saba. Mtoto wa kiume. Alipumua kidogo akaondoka. Mume wangu alinifariji kwa hadithi ya Mtume, kwamba watoto waliokufa wadogo wako kwenye bustani pamoja na Nabii Ibrahimu, na mimi maneno yale niliyashika kama mtu anayeshika kamba. Mama alipokuja msibani hakusema kitu. Alikaa kwenye mkeka, akaosha vyombo, akarudi Ndanda. Sikujua alirudi na nini moyoni.

Huyu wa pili alizaliwa Agosti. Uchungu ulianza alfajiri, jua likazama bado, usiku wakaamua kunipasua. Mtoto alitoka kachoka, hakulia. Mimi nilikuwa ganzini, nikisikia tu viatu vinakwenda mbio. Mume alikuwa zamu ya usiku bandarini, simu haishiki. Mama mkwe alikuwa amerudi nyumbani kuandaa uji. Aliyebaki kwenye benchi la nje ni mama yangu peke yake, na muuguzi mmoja akatoka kumwambia, "Bibi, mjukuu wako ana hali ngumu, tuombe Mungu." Baadaye akaruhusiwa kuingia chumba cha watoto wachanga kupeleka khanga.

Alhamdulillahi mtoto alipona. Baba yake alifika asubuhi, akaruhusiwa kusimama karibu, akamwadhinia sikio la kulia na kumkimia la kushoto kwa sauti ya chini ili asiwashtue wale wengine wenye mipira puani. Alitoka pale anatetemeka. Aliniambia, "Neno la kwanza kuingia sikioni mwake ni jina la Mwenyezi Mungu," na mpaka leo akiwa na wageni hulirudia.

Siku ya saba tulikuwa bado wodini, kwa hiyo akika, ile sadaka ya kuchinjia mtoto mchanga, tuliifanya siku ya ishirini na moja. Mbuzi wawili, kama ilivyo kwa mtoto wa kiume. Nywele zikanyolewa, zikapimwa, thamani ya uzito wake kwa fedha ikatolewa sadaka. Akaitwa Idrisa (hilo si jina lake, mtoto nimemficha). Mama yangu alikuwepo. Alikoroga pilau na kina mama wenzake wa Kiislamu, akala, akacheka, akamshika mtoto wakati wa kunyolewa. Yeye ndiye aliyekuja kunikanda kwa maji ya moto siku arobaini zote, na mikono yake ile ndiyo iliyonisimamisha.

Ilikuwa zimebaki siku chache aondoke. Alikuwa anamwogesha mtoto uani, mimi nimelala ndani, dirisha wazi. Mtoto akawa analia, nikasikia mama anambembeleza kwa sauti ya chini: "Nyamaza Benedi. Nyamaza Benedi wangu."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Akarudia.

Nikatoka. Nikamuuliza, "Mama, Benedi ni nani?"

Hakugeuka. Alikamua kile kitambaa, akakikung'uta, akasema, "Mjukuu wangu."

"Anaitwa Idrisa, mama."

"Kwa baba yake anaitwa Idrisa."

Akanieleza pale pale, mtoto yuko kwenye beseni. Usiku ule, muuguzi alipogeukia mitungi ya oksijeni, alitoa chupa ya maji ya kunywa kwenye mkoba wake, akajaza kifuniko, akammwagia mtoto kwenye paji la uso mara tatu na kusema, "Benedikto, nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu." Baba alikuwa amemfundisha zamani, kwa sababu ya wanawake waliojifungulia vijijini. Nilipofungua mdomo kumgombeza alisema neno moja lililonifunga: "Yule wa kwanza alikwenda mkavu, Maria. Huyu nilikataa."

Mdogo wa marehemu baba ni mtawa. Nilimpigia simu nikijifanya ninauliza kwa ajili ya jirani. Akanieleza kwamba kwa Kanisa Katoliki, mtoto mzima wa afya habatizwi bila angalau mzazi mmoja kuridhia, lakini kwenye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi atumie maji na maneno yale na awe na nia ya kufanya kile Kanisa linachofanya. Na ukishafanyika haurudiwi, wala haufutwi, unabaki alama rohoni. Kisha akaniuliza, "Huyo jirani yako ni wa Mikindani?" Nikakata simu nikasingizia mtandao.

Sasa angalieni nilipo. Kwa dini niliyo nayo, kila mtoto huzaliwa katika fitra, ile hali safi ya asili, na maji ya chupa ni maji ya chupa, yamekauka usiku ule ule. Kwa dini ya mama, lilifanyika jambo ambalo hata yeye mwenyewe akilijutia hawezi kulitengua. Upande mmoja hakikutokea kitu, upande wa pili kilichotokea hakiondoki. Na mimi ndiye pekee ninayelala kitanda kimoja na upande mmoja na kunywa uji uliopikwa na upande wa pili.

Ingekuwa ni hilo tu, ningenyamaza na kuzeeka nalo. Lakini mama ameendelea. Amezungumza na katekista wa sasa, akaambiwa ubatizo wa dharura unatakiwa kupelekwa parokiani uandikwe kwenye kitabu, na mtoto aletwe kanisani kumalizia yaliyobaki, mafuta ya krisma na mengineyo. Kwa hiyo kila akipiga simu ananiuliza, "Mnakuja lini?" Anataka tuwe Ndanda kabla ya Krismasi. Ananiambia hataki kumchukua mtoto kwa baba yake, anataka tu "jambo lisiachwe nusu". Kwa desturi yetu Wamakua mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mama yangu anajua ana pa kusimamia, ingawa hajawahi kulitamka. Hata njomba nimefikiria kumwita, nikakumbuka kwamba siri ikifika kwa njomba imefika kwenye kikao.

Na mume wangu, masikini, safari ameiruhusu. Msimu wa korosho bandari hailali, yeye hawezi kuondoka, lakini amesema, "Mpeleke bibi yake amwone, amenisaidia sana yule mama." Ameshanunua khanga pea mbili na samaki wakavu wa kutosha mtaa mzima. Kila nikiuona ule mfuko pembeni ya kabati nasikia aibu.

Mdogo wangu wa kike, ambaye nimemweleza nusu, anasema kimya ni bora, kwamba wanaume wakishaambiwa kitu cha dini wanakipeleka msikitini na kesho kina wazee wanne. Labda ni kweli. Mume wangu si mkali, lakini ile adhana ndiyo zawadi yake kwa mtoto. Nikimwambia kuna neno lililotangulia, sijui nitakuwa nimemwondolea nini. Na mama nitakuwa nimemwondoa kwenye nyumba hii, kwa sababu mama mkwe akijua, hatakanyaga tena. Hawa bibi wawili wanapigiana simu kila Ijumaa! Ndanda wanazungumzia mihogo, Mikindani wanazungumzia bei ya samaki, na mwisho wote wanaulizana kama mtoto ameongezeka uzito.

Kuna jambo nimekuwa nalizunguka tangu nianze kuandika. Siku ile uani, mama aliponieleza, kabla hasira haijafika, nilisikia pumzi inashuka. Nilisikia ahueni. Ilikaa dakika moja, pengine chini ya hapo, kisha ndipo nikakasirika. Na usiku ule wa upasuaji, mwenyewe ninakumbuka, wakati taa zile zinanimulika, midomo yangu ilisema "Salamu Maria, umejaa neema" mpaka mwisho bila kukosea, miaka minne baada ya kusilimu. Sikuipanga. Ilitoka kama mtu anavyosema "mama!" akijikwaa.

Mimi ni Mwislamu. Nifasi, damu ya uzazi, ilipokwisha nilioga, nikarudi kwenye mswala wangu, na Ramadhani ijayo nikishindwa kufunga kwa kuhofia maziwa ya mtoto najua nitailipa vipi na kibaba cha fidia najua kinakwenda wapi. Naisoma sura ya 19, yenye jina langu, na nikifika pale uchungu unapompeleka Maryam kwenye shina la mtende na anatamani angekuwa amekufa kabla ya hayo, nalia kila mara. Sitaki kurudi nilikotoka. Ila nikimwambia mume wangu kuhusu kifuniko cha chupa ataniuliza, "Wewe ulisikiaje?" na mimi sijui kumdanganya mtu huyu usoni. Nadhani ninachoogopa ni hilo swali kuliko yale maji.

Maimamu siwezi kuwauliza, wa mtaa wetu ni rafiki wa baba mkwe. Mapadre ndiyo kabisa, nitaonekana nimeanza kurudi. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi, hasa mlioolewa au kuoa nje ya dini mliyozaliwa nayo, na hasa mliopata mtoto ndani ya ndoa hiyo. Kabla ya mtoto tulikuwa tunapishana kwa adabu tu, huyu Jumapili, yule Ijumaa. Sasa kila kitu kina mtu mdogo katikati.

Nauliza hivi. Nimwambie mume wangu kabla ya safari, au niende kwanza nikazungumze na mama uso kwa uso, nimwambie maji yake nimeyasikia lakini kitabu cha parokia hapana? Na nikienda, niende na mtoto au nimwache? Nikimwacha nitadanganya nini, wakati ananyonya na kila mtu anajua ananyonya? Kuna aliyewahi kumkatalia mama yake jambo la namna hii bila kumpoteza? Mlisema maneno gani? Naomba maneno yenyewe, mnisaidie kama mtu anayefundishwa kubisha hodi.

Na wale mtakaoniambia mama yangu alifanya kosa, najua. Hakuniuliza, hakumwuliza baba wa mtoto. Lakini mnapoandika mkumbuke alikuwa peke yake kwenye korido usiku, amekwisha kumzika mjukuu mmoja, na alichokuwa nacho mkononi ni chupa ya maji.

Basi la kwenda Masasi tumepanga kupanda Jumamosi ya wiki ijayo, tushuke Ndanda. Mfuko wa samaki bado uko pembeni ya kabati, na leo mume wangu ameongeza kilo mbili za sukari.

Mariamu,
Mikindani, Mtwara