Maganda ya mpunga tunayochoma mashineni yarudi jarubani

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa mpunga huku Mabogini, chini ya mji wa Moshi, naomba kanafasi niongelee hii chumvi maana inatumaliza.

Jaruba langu la mwisho, kule maji yanakoishia, jua likiwaka siku 3 tu udongo unatoa ukoko mweupe kama umemwagiwa unga wa sembe, ukipandikiza miche inashika vizuri kabisa halafu baada ya muda ncha za majani zinakauka na kuwa nyeupe ndo basi tena, vinabaki vijishina huku na kule. Tunakimbilia kuongeza yurea. Yurea haiondoi chumvi jamani, hela tu inaenda.

Kitu hatuambiwi ni silika, madini yale yale yaliyojaa kwenye mchanga. Mpunga unakula silika kuliko mazao mengi, mabua makavu yanaweza kufika hata asilimia 10 silika, na ule ukali wa jani unaokukwaruza mikono ukipalilia ndo silika yenyewe. Mizizi inaivuta na maji, inaganda kwenye kuta za mzizi na kubana vile vinjia ambavyo sodiamu ya chumvi ingepenyea kupanda juu, kwahiyo jani linapata chumvi kidogo. Tena bua linakuwa gumu halilali ovyo, na blasti, ule ugonjwa wa ukungu, haiushambulii mpunga kirahisi. Wajapani wanaitambua kama mbolea ya mpunga tangu 1955, na hao hao ndo walitusaidia kujenga skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyokamilika 1987!

Sisi sasa. Tukivuna majani yanapakiwa kwenye Fuso yanapanda mlimani kwa ng'ombe wa ndani, sikatai, hata mimi nauza. Ila yale maganda ya mashineni (sio pumba laini ya kuku), nayo yana silika nyingi, hakuna ng'ombe anayeyataka, yanachomea tofali au yanawashwa tu rundo zima mpaka jivu jeupe. Silika inatoka shambani kila msimu na haturudishi hata debe moja.

Nisieleweke vibaya, silika haitoi chumvi kwenye udongo, inausaidia mpunga kuvumilia tu. Mitaro ya kutolea maji lazima izibuliwe, na penye magadi jasi (jipsamu) inahitajika, na jasi inachimbwa hapo Makanya, Same, sio mbali. Na jivu usimwage kichwa kichwa, lenyewe lina magadi yake, penye magadi tayari unaweza kuharibu zaidi, na likichomwa kwa moto mkali sana silika inakuwa ngumu kuyeyuka. Bora maganda yaungue polepole yabaki meusi, na udongo upimwe kwanza.

Hapo kwenye kupima ndo tunakwama. Nimeomba misimu 2 naambiwa subiri. Naomba mabwana shamba wanaosoma gazeti hili waje na vipimo, jaruba langu lile nalitoa, tuligawe kwa tuta katikati, upande mmoja maganda upande mwingine hamna, maji ya mfereji ule ule. Wakija kabla ya kupandikiza watanikuta, maganda nimeshajaza viroba 12.

Mkulima, Mabogini, Moshi