Njia ya kwenda makaburini Bagamoyo itunzwe

Ndugu Mhariri,

Wageni wanaofika misheni ya Bagamoyo hukimbilia mnara wa kanisa la zamani, ulipolazwa mwili wa mvumbuzi Mskoti David Livingstone Februari 1874, wakapiga picha na kuondoka. Wachache hufika makaburini, walikolala wamisionari wa Roho Mtakatifu. Shirika lao liliingia hapo 1868, na wengi wao walikufa wangali vijana, kwa homa.

Naomba mambo mawili. Kuta za matumbawe za hapo misheni zisikandikwe saruji! Chokaa hupumua, saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likamong'onyoka kama biskuti. Mafundi wa chokaa bado wapo huku Pwani, waitwe. Na miembe mikongwe ya njiani isiguswe, maana ndiyo lango lenyewe.

Msomaji wako,
Bagamoyo