Harambee ya Mtambo wa Kunasa Madini ya Fedha Kwenye Dawa ya Eksirei

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu wanaparokia, na majirani wa dini zote mnaotibiwa katika hospitali yetu: tunaomba Sh 2,700,000 za kujenga mtambo mdogo utakaonasa madini ya fedha yaliyomo kwenye dawa iliyokwisha kusafishia filamu za eksirei. Kwa sasa dawa hiyo inamwagwa kwenye shimo la maji taka. Haifai kuendelea hivyo hata mwezi mmoja zaidi ya inavyolazimu.

Filamu ya eksirei imepakwa chembe za chumvi ya fedha. Zilizopigwa na mionzi hugeuka kuwa weusi wa picha. Zilizobaki huyeyushwa na fiksa, yaani hiyo dawa ya kusafishia filamu, na kukaa humo. Fiksa iliyochoka huwa na gramu 3 hadi 8 za fedha kwa lita. Nchini Marekani, taka yenye miligramu 5 kwa lita tayari inahesabiwa kuwa ya hatari. Yetu inapita kiwango hicho mara 600 na zaidi. Fedha huua bakteria, na shimo la maji taka hutegemea bakteria haohao ili lifanye kazi.

Hospitali hutoa takriban lita 40 za fiksa kwa mwezi. Tukihesabu gramu 4 kwa lita, ni gramu 160 za fedha zinazotupwa.

Mtambo utakuwa na hatua mbili. Kwanza umeme: pipa la lita 20, bamba la chuma kisichoshika kutu upande hasi, fito za grafaiti upande chanya, na pampu ya kuzungusha dawa muda wote. Ampea 1 kwa saa 1 huleta gramu 4 za fedha kama hakuna kinachopotea, na lazima kitapotea kiasi. Kwa gramu 80 za pipa moja tutaanza na ampea 3, kisha tutashusha hadi 1 kadiri fedha inavyopungua. Hapa ndipo wengi huharibu. Umeme ukizidi fedha iliyopo, unaanza kuvunja fiksa yenyewe: bamba hufunikwa na tope jeusi la salfaidi (fedha iliyoungana na salfa) badala ya fedha ngumu ya kijivu, na harufu ya mayai viza hujaa chumbani. Ndiyo maana hatutaki chaja ya betri ya gari, ingawa ni rahisi kuipata. Tunataka kifaa cha umeme chenye mita na kirungu cha kurekebisha.

Umeme hauwezi kumaliza mabaki. Hatua ya pili ni ndoo mbili zilizofuatana, zenye stiliwulu ya chuma cha kawaida, isiyo na sabuni. Chuma huyeyuka na fedha huganda mahali pake. Dawa ipite polepole, ikiwa na pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 4 hadi 6.5: ikishuka chini ya 4, yaani ikiwa kali zaidi, chuma huliwa bure, ikizidi 6.5, kazi inakwama. Ndoo zisiachwe kukauka, maana stiliwulu hupata kutu, hushikana, na dawa hujitafutia njia moja tu ya kupita. Kipande cha shaba kilichosuguliwa, kikichovywa kwenye dawa inayotoka ndoo ya kwanza na kutoka na utando wa kijivu, stiliwulu yake imekwisha: ndoo ya pili inahamia mbele, na mpya inawekwa nyuma. Lakini shaba haioni miligramu chache, kwa hiyo bajeti ina vipimo vya maabara.

Kifaa cha umeme ni Sh 450,000, bamba na grafaiti 520,000, pampu 380,000, mapipa, mabomba na koki 610,000, feni ya kutolea hewa 390,000, glavu, miwani, aproni na vipimo 350,000.

Tunawasihi pia: mtu asijaribu jambo hili nyumbani. Fiksa ikikutana na asidi ya betri hutoa gesi ya salfa inayobana pumzi. Ikikutana na devolopa (dawa ya kutokeza picha) hutoa amonia. Na dawa za klorini zisisogezwe karibu nayo kabisa. Kuchoma filamu kuukuu ili kupata fedha ni kujivutia moshi mapafuni.

Fedha itakayobanduliwa itaoshwa, itakaushwa na kupimwa mbele ya mashahidi wawili, na uzito kuandikwa daftarini. Hatutaiyeyusha sisi, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 962 na tanuri halimo katika mpango wetu. Itauzwa kwa mnunuzi mwenye leseni, na pesa zitanunua filamu za wagonjwa wasio na uwezo.

Michango ipokelewe na wahazini wa Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa stakabadhi. Mwenye ufundi wa bomba au umeme aandikishe jina ofisi ya parokia. Mapipa ya plastiki yenye mfuniko tunayapokea pia, mradi hayakuwahi kubeba dawa za shamba wala klorini.