Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa RECSA: zijibiwe barua zinazoulizia silaha

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,
Kituo cha Kanda cha Silaha Ndogo na Nyepesi (RECSA),
Nairobi.

Pokea salamu zangu za heshima.

Nakuandikia kwa jambo moja. Nchi 15 wanachama wa kituo chako ziwekewe idadi ya siku za kujibu barua zinazoulizia asili ya silaha iliyokamatwa, na kila mwaka kituo kitangaze nani amejibu na nani amenyamaza. Nimekuwa afisa wa ghala la silaha jeshini, kisha mchambuzi wa kijeshi katika uchunguzi wa silaha zinazovushwa mipaka kinyume cha vikwazo vya Umoja wa Mataifa, hasa mashariki ya Kongo. Nimeiona kazi hii ikifanikiwa na nimeiona ikikwama. Inapokwama, mara nyingi haikwami porini. Inakwama ofisini, mezani kwa mtu aliyepokea barua.

Wengi wanaotusikia redioni hudhani sisi ni majasusi. Kazi yenyewe ni ya kuinama na kusoma chuma. Bunduki imeletwa, labda imetekwa vitani, labda imesalimishwa na kijana aliyechoka kuishi msituni. Tunatoa magazini, tunakagua chemba, tunaigeuza kwenye mwanga. Mshale ndani ya pembetatu unaelekeza Izhevsk, Urusi. Nyota ni Tula, pia Urusi. Tarakimu 66 ndani ya pembetatu ni kiwanda cha China kilichotengeneza Type 56, bunduki inayojulikana na kila askari wa ukanda huu. Namba ya bunduki ikiwa imekwanguliwa kwenye mwili wake, tunaitafuta kwenye kifuniko na kwenye bolti, kwa kuwa viwanda vingi huirudia namba hiyo, au tarakimu zake za mwisho, kwenye vipande vinavyofunguka. Hata iliyosuguliwa kwa tupa ikapotea machoni huweza kurudishwa kwa asidi, maana kiwandani chuma kilipigwa kikabanwa chini zaidi ya pale tupa ilipofika.

Risasi ni ngumu zaidi. Ganda halina namba yake. Kitakoni lina alama ya kiwanda na mwaka, basi. Ukanda wetu wenyewe una viwanda: Mzinga Morogoro, Eldoret Kenya, Nakasongola Uganda. Ganda moja lililookotwa barabarani halitakuambia liliondoka kiwandani kwenda kwa nani. Kasha la mbao lenye namba ya toleo linaweza kukuambia. Ndiyo maana kila nilipokutana na makamanda niliwasihi wasichome makasha matupu kuni za kupikia, na bado yanachomwa.

Lakini chuma kinasema silaha ilizaliwa wapi tu. Hakisemi ilimfikiaje mwasi. Kwa hilo inaandikwa barua kwa nchi iliyoitengeneza: bunduki yenye namba hii mlimuuzia nani? Nchi hiyo ikijibu, itataja mnunuzi na mwaka. Inafuata barua ya pili, kwa mnunuzi: bunduki hii mliipokea, sasa iko wapi? Barua ya pili ndiyo inayokuja kwetu, kwenye wizara za ulinzi na makao makuu ya polisi ya nchi zetu, na ndiyo inayopotea. Serikali moja ya ukanda huu, ambayo sitaitaja, ilitujibu baada ya ripoti yetu kuwa imekwisha kuchapishwa. Wala haikuandika uongo. Jibu lilikuwa zuri, lina tarehe na namba za hati, na lingeweza kutufikisha kwa mtu aliyeitoa silaha ile ghalani. Ila Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa linaloichunguza Kongo huongezewa muda mwaka kwa mwaka. Anayechelewesha jibu kwa miezi 12 amelizuia, hata kama hakukusudia.

Mheshimiwa, yapo mazuri tuliyokwisha kuyaona katika ukanda huu, na mfano mkubwa unatoka katika moja ya nchi wanachama wako. Mwaka 1993 Ushelisheli iliikamata meli iitwayo Malo ikiwa na silaha zilizokuwa zikipelekwa Somalia, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo. Silaha zikawekwa ghalani. Juni 1994, wiki chache baada ya Baraza la Usalama kupiga marufuku kuiuzia Rwanda silaha kwa azimio namba 918 la 17 Mei, Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda alitua Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, pamoja na raia wa Afrika Kusini, Willem Ehlers. Walikuwa na hati ya mtumiaji wa mwisho, yaani karatasi ya kuthibitisha silaha zinakwenda kwa nani, iliyoonyesha kwamba mnunuzi ni Zaire, Kongo ya leo. Katikati ya mwezi ule ndege ya Air Zaire ilikwenda mara mbili hadi Goma na takriban tani 80 za silaha na risasi. Kutoka Goma hadi mpaka wa Gisenyi mtu hutembea kwa miguu. Rwanda watu walikuwa wanachinjwa siku hizo hizo.

Septemba 1995 Baraza la Usalama liliunda tume ya kuchunguza silaha zilizoyafikia majeshi ya serikali ya zamani ya Rwanda, kwa azimio namba 1013. Tume haikuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu yeyote kusema. Zaire ilikana. Ushelisheli, iliyouza, iliyokuwa na kila sababu ya kuona aibu, ilitoa nyaraka: ile hati ya mnunuzi, habari za safari za ndege, malipo. Kwa nyaraka hizo njia ya pesa ikafuatwa hadi benki za Uswisi, na jina la Bagosora, ambaye baadaye alitiwa hatiani na mahakama ya Umoja wa Mataifa Arusha kwa mauaji ya kimbari, likawekwa kwenye biashara ile kwa ushahidi wa karatasi. Ningependa kila mratibu wa kitaifa anayekuja kwenye vikao vyako aisome kesi hiyo. Nchi ndogo ya visiwa ilijibu, na historia ya ukanda wetu ina ukurasa ambao usingekuwepo.

Naandika pia kwa sababu ya watu wanaolipa gharama ya namba hizi. Tarehe 12 Machi 2017 huko Kasai, Kongo, waliuawa Michael Sharp, raia wa Marekani, na Zaida Catalán, raia wa Sweden, wote wa Kundi la Wataalamu, pamoja na mkalimani wao Betu Tshintela na waendesha pikipiki waliowabeba. Ilikuwa miaka 13 kamili tangu azimio namba 1533 la 12 Machi 2004 lililoliunda kundi hilo. Mtu anapanda pikipiki kwenda kukutana na watu wenye bunduki ili apate ukweli wa kuandika, kisha ukweli huo unakaa kwenye trei ya afisa kwa sababu hakuna aliyemwambia lazima ajibu lini. Hilo siwezi kulizoea.

Na pengo lipo wazi kwenye kanuni zenyewe. Itifaki ya Nairobi ya 21 Aprili 2004, kuhusu silaha ndogo na nyepesi, inazitaka nchi ziweke alama kwenye silaha na zitunze kumbukumbu. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu kufuatilia silaha, ambayo si mkataba unaofunga kisheria, yanataka kumbukumbu za utengenezaji zitunzwe angalau miaka 30, na nyingine, zikiwemo za kuingiza na kutoa nchini, angalau miaka 20. Miaka imehesabiwa vizuri. Kwenye kujibu, makubaliano hayo yanataka barua ithibitishwe kupokelewa ndani ya muda unaofaa. Muda unaofaa ni upi? Kila ofisi inajipimia. Kituo chako kimezigawia nchi mashine za kuchapa alama, nami naishukuru kazi hiyo kwa dhati. Lakini alama iliyochapwa Dodoma au Kampala inamfaa mchunguzi aliyeko Bunia, mashariki ya Kongo, pale tu leja ya Dodoma au Kampala inapofunguliwa akiuliza.

Najua jibu nitakalopewa: hizo ni siri za jeshi. Nimetunza ghala, najua siri ya ghala ni nini. Ni idadi iliyomo, ni mahali ilipo, ni nani ana funguo. Mchunguzi haulizi lolote kati ya hayo. Anauliza kuhusu bunduki moja ambayo tayari iko mikononi mwake, iliyokwisha kutoka. Anayepaswa kuitaka habari hiyo kuliko wote ni jeshi lililoipoteza. Tarehe 7 Desemba 2017 askari 15 wa Tanzania waliuawa kambini Semuliki, karibu na Beni, wakilinda amani. Risasi zilizowapiga zilitoka kiwandani, zikapita kwenye ghala la mtu, zikaandikwa kwenye leja ya mtu. Wazazi wao wana haki ya kujua leja ya nani.

Ninachoomba kiingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza la Mawaziri wa nchi wanachama ni hiki. Siku 14 za kuthibitisha kwamba barua imefika. Siku 60 za jibu kamili, hata kama jibu ni kwamba kumbukumbu hazipo. Hilo nalo linatusaidia, kwa maana linatuonyesha ghala la kuangaliwa. Katika kila ofisi ya uratibu ya taifa awepo afisa mmoja mwenye dhamana ya barua hizi, asihamishwe kabla hajamkabidhi mwingine mafaili. Na taarifa ya mwaka yenye nchi 15, barua zilizopokewa, barua zilizojibiwa. Yaliyomo kwenye barua yabaki siri. Idadi zitangazwe.

Nikihitajika, nitakuja Nairobi kwa nauli yangu kuwaeleza waratibu jinsi barua hizi zinavyoandikwa na jinsi ya kuzijibu bila kufichua cha jeshi. Naomba jibu lako.

Wako mtiifu,
Mchambuzi wa silaha, afisa mstaafu,
Dar es Salaam.